Filamu za maangamizi ya mazingira: ipi uwaonyeshe vijana wa Dodoma?

Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, inapokaribia, walimu walezi wa klabu za mazingira huanza kuulizana: mwaka huu tuwaonyeshe nini watoto? Projekta imepatikana, spika zimeazimwa kanisani, na umeme ukikatika jenereta ipo. Kinachokosekana ni filamu, na inayopatikana upesi ni ile iliyomo kwenye flashi ya kijana wa kibanda umiza: wimbi linameza maghorofa ya New York, ardhi inapasuka, rais analihutubia taifa, baba anamwokoa mwanawe dakika ya mwisho. Watoto wanashangilia, kisha wanatawanyika. Kesho yake ukiwauliza mazingira huharibikaje, wanakueleza habari za wimbi.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Dodoma, na suala hili naliona kubwa. Filamu hufika mahali ambapo ubao na chaki havifiki. Mtoto anayesinzia kwenye kipindi cha mabadiliko ya tabianchi atakaa macho mbele ya skrini mpaka majina ya waigizaji yaishe. Basi kama tuna jioni moja kwa mwaka, tusiipoteze. Hapa nimelinganisha filamu ambazo walimu huzitaja mara nyingi, na nimezipima kwa jambo moja: mtazamaji wa Bahi au Chamwino akiinuka kwenye benchi, je, ameelewa hatari inaanzia wapi, na ameona mtu aliye kama yeye akiwa na la kufanya? Inayotisha bila kutoa hayo mawili siichagui, hata picha zake ziwe nzuri namna gani.

Kipimo hiki ni kikali kwa sababu ya mahali tulipo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka mzima, na ikikatika wiki chache katikati, mahindi hunyauka yakiwa yamefika kiunoni. Wagogo walizipa njaa zao majina. Ile waliyoiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na ukame peke yake: majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na ukame ulipoingia ukakuta vihenge vitupu. Makadirio yanataja watu wapatao 30,000 waliokufa Ugogoni. Filamu inayosema "miaka 50 ijayo watu watagombania chakula" inamwambia mtoto wa hapa habari ambayo ukoo wake unayo tayari. Anachohitaji ni kuelewa mambo yalivyofuatana mpaka kufikia pale, na nani alikuwa na uwezo wa kuyazuia.

Barafu ya New York

"The Day After Tomorrow" ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Roland Emmerich, ndiyo ninayoulizwa zaidi. Kisa chake: joto la dunia linayeyusha barafu ya kaskazini, maji yasiyo na chumvi yanamwagika Atlantiki, mkondo wa bahari unaopeleka joto upande wa juu wa dunia unasimama, na Marekani inaganda. Mwanzo wa hoja hii una ukweli. Mkondo huo upo, wanasayansi wanaufuatilia, na ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ilisema uwezekano ni mkubwa sana kwamba utadhoofika katika karne hii. Lakini ripoti hiyohiyo haikutarajia ukatike ghafla kabla ya 2100, wakati filamu inamaliza kazi yote kwa siku chache. Kuna mahali baridi inawafukuza watu kwenye korido za maktaba, nao wanaiponyoka kwa kufunga mlango.

Je, inasaidia? Kwao ilisaidia kiasi. Mtafiti Anthony Leiserowitz aliwahoji Wamarekani mwaka huohuo wa 2004 na akakuta kwamba walioitazama walikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu tabianchi kuliko wasioitazama. Ila yule mtazamaji aliona mji anaoujua ukiangamia. Mtoto wa Mpwapwa anaona mji wa kwenye filamu ukifanya yale ambayo miji ya kwenye filamu hufanya siku zote. Sehemu moja tu naithamini kwa dhati: Wamarekani wanapovuka mpaka kwa miguu kuingia Meksiko kuomba hifadhi. Ukikata dakika hizo chache ukazionyesha kwenye kipindi cha uhamaji, darasa litachemka kwa maswali. Zilizobaki ziache kwa burudani ya likizo.

Filamu nyingine ya Emmerich, "2012" ya mwaka 2009, nisingeionyesha kabisa. Maafa yake yanatoka kwenye jua, binadamu hana alilofanya wala la kufanya, isipokuwa kutafuta nafasi kwenye meli. Wanafunzi huipenda kwa sababu mwishoni Afrika ndiyo inayosalimika. Furaha yao naielewa, lakini hakuna somo la mazingira pale.

Kuna kitu kingine katika filamu hizi za mawimbi ambacho kwa Dodoma ni hatari kukiacha bila maelezo: zinamfundisha mtoto kuyaona maji mengi kuwa adui tu. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa mjini hutoka kwenye visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kina cha maji ya chini ya ardhi pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na watafiti walipochambua kumbukumbu za miaka 55, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walikuta kwamba hifadhi ile haijazwi na mvua za kawaida. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na msimu ulioongoza ni ule wa El Niño wa 1997/98. Mvua zilezile zilizoharibu reli, madaraja na mashamba ndizo zilizotuwekea maji ardhini. Desemba 2023 tuliona upande ule mwingine kule Katesh, tope la Mlima Hanang liliposhuka na kuua watu zaidi ya 80. Mtoto wa kanda hii anapaswa kuyashika mambo yote mawili kwa pamoja: mvua kubwa huua mahali ambapo njia yake imezibwa au mlima umelegea, na hulisha mahali ambapo ardhi imeachiwa nafasi ya kuipokea. Wimbi la Hollywood halina nafasi ya mazungumzo hayo.

Vumbi la mahindi

"Interstellar" ya Christopher Nolan, mwaka 2014, iko karibu nasi kuliko jina lake linavyodokeza. Wengi huikumbuka kwa safari za angani, lakini mwanzo wake mrefu uko shambani. Ngano imeshakufa, bamia inavunwa kwa mara ya mwisho, yamebaki mahindi, na ugonjwa wa mimea unayafuata nayo. Vumbi linaingia kila mahali, na mezani sahani hufunikwa kifudifudi mpaka chakula kitakapopakuliwa. Wazee wanaosimulia mwanzoni, ukimtoa mmoja ambaye ni mwigizaji, ni watu halisi walioishi dhoruba za vumbi za Marekani za miaka ya 1930. Simulizi zao zilichukuliwa kutoka filamu ya makala ya Ken Burns.

Na chanzo cha dhoruba zile ni somo letu la mmomonyoko kama lilivyo kwenye silabasi. Wakulima wa nyanda za kati za Marekani walilima majani yaliyoushika udongo kwa karne nyingi, wakikimbilia bei nzuri ya ngano. Ukame ulipokuja, udongo haukuwa na cha kuushikilia, na upepo ukaondoka nao. Mtoto aliyeona chamchela ikipita Septemba juu ya mashamba yaliyochungwa mpaka kisiki cha mwisho hahitaji mkalimani hapo. Suala la zao moja nalo linatugusa. Huku kwetu tumehimizwa miaka na miaka kulima mtama na uwele kwa kuwa vinastahimili ukame, na bado moyo wa mkulima uko kwenye mahindi: ugali mweupe ndio unaohesabiwa kuwa chakula cha mgeni, soko la Kibaigwa linanunua mahindi, na ukipanda mtama ndege wa kwelea kwelea wanakusubiri. Filamu inayoonyesha dunia iliyobaki na zao moja itawafanya wanafunzi wabishane mpaka bwenini.

Kasoro yake ni nzito vilevile. Kwanza, filamu haisemi ugonjwa ule wa mimea ulitoka wapi, wala watu walikosea nini. Pili, suluhisho lake ni kuihama dunia. Shujaa ni mkulima anayechukia kulima, na ukombozi wake ni kupata chombo cha kumtoa shambani. Katika mkoa ambao vijana hupanda basi la Dar es Salaam kila mvua inapokosa, sioni haja ya kuwaongezea hamu ya kuondoka. Tatu, ni dakika 169, Kiingereza chake ni kizito, na nusu ya mazungumzo ni fizikia. Kwa kidato cha tano na sita, hasa wa michepuo ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) na EGM (uchumi, jiografia, hisabati), ninaipendekeza kwa masharti: onyesha sehemu ya shambani, simamisha, jadilianeni, na anayetaka kujua mwisho wa safari ya angani ataitafuta mwenyewe.

Theluji ya Kilimanjaro na tatizo la kutaja tarehe

"An Inconvenient Truth" ya 2006 ni mhadhara wa Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, uliopigwa picha na Davis Guggenheim, na ilipata Oscar ya filamu ya makala. Kwa Mtanzania ina mvuto wa pekee, maana Kilimanjaro imo: picha ya zamani yenye theluji nyingi, picha ya karibuni yenye theluji kidogo, na kauli kwamba ndani ya muongo mmoja haitakuwepo tena.

Muongo ulikwisha 2016. Barafu bado ipo. Imepungua vibaya sana, kwani kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85, na UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za mwisho za Afrika, Kilimanjaro na Mlima Kenya, zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Lakini ipo. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Uingereza iliruhusu filamu hii ionyeshwe shuleni ikiwa na mwongozo kwa walimu, na hoja ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa tisa ambazo jaji alisema zinahitaji maelezo. Sababu ni kwamba barafu ile ilianza kupungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ukavu wa hewa ya huku Afrika Mashariki umechangia sana. Haiwezi kuwekwa yote kwenye hesabu ya joto linalosababishwa na binadamu.

Fikiria mwanafunzi aliyeambiwa mwaka wa mwisho wa theluji, kisha anaiona kwenye picha za wapanda mlima wa mwezi uliopita. Ataikataa tarehe, na baada ya hapo ataikataa asilimia 85 pia, ambayo ni kweli tupu. Utabiri wenye tarehe huzalisha hofu haraka na kutoamini haraka zaidi.

Si jambo geni katika filamu hizi. "Soylent Green" ya mwaka 1973 iliuweka mkasa wake mwaka 2022, katika New York ya watu milioni 40 waliojazana ngazini. Mwaka 2022 ulipita na jiji lile likiwa na watu wanaozidi kidogo milioni 8. Hata hivyo mzee mmoja ndani yake analalamikia joto la mwaka mzima na kutaja gesi joto kuwa sababu, wakati ambapo watu wengi hawakuwa wamelisikia jambo hilo. Hesabu ilikosea, sababu ilikuwa sahihi. Hiki ndicho ninachotaka wanafunzi wajifunze kukitenganisha. Tena kuna utabiri ambao haukutimia kwa sababu watu waliuchukulia kwa uzito: tundu la tabaka la ozoni lilitangazwa 1985, Mkataba wa Montreal ukatiwa saini 1987, gesi zilizokuwa zikiliharibu zikaachwa moja baada ya nyingine, na tabaka lile linapona. Kijana anayesema "walitutisha na ozoni, mbona hatujafa" anahitaji mwalimu wa kumweleza ni kazi gani ilifanyika mpaka asife.

Kwa hiyo filamu ya Gore ionyeshe ukiwa na muda wa kuisimamisha kila sehemu na kuzungumza. Bila hivyo, iache.

Pumzi, au mti mmoja jangwani

Nafika kwenye filamu ninazozipenda, na nitazikalia zaidi.

"Pumzi" ni ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, na ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance mwaka 2010. Ni fupi, haifiki dakika 25. Imewekwa Afrika Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanazalisha umeme kwa miili yao kwenye mashine za mazoezi, na maji yao ni jasho na mkojo uliosafishwa. Wanaambiwa huko nje hakuna kilicho hai. Asha, msichana anayetunza makumbusho ya viumbe vilivyotoweka, anatumiwa udongo wenye unyevu usiojulikana ulikotoka. Anapanda mbegu ndani yake, inaota, na anaomba ruhusa ya kutoka nje. Wanamnyima. Anatoroka.

Ubora wake wa kwanza ni kwamba maneno ni machache, kwa hiyo lugha si kikwazo hata kwa kidato cha kwanza. Wa pili ni maji. Hakuna filamu nyingine katika orodha hii inayokufanya uhisi tone la maji kama hii, na mtoto aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kwenda kuchota anaielewa kwa mwili mzima. Wa tatu ni Asha mwenyewe. Ni msichana mweusi, anafanya kazi ya kisayansi, na anapoambiwa na wakubwa kwamba nje kumekufa, anapima kwanza. Wasichana wa klabu hulizungumza hilo muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

Tatizo langu liko mwishoni. Asha anautolea mche wake maji yake yote, mpaka jasho, na anaulalia kuukinga na jua. Anakufa ili mti mmoja uishi. Ni mwisho wenye nguvu, lakini kwa mtoto wa darasa la tano ni mzigo, na kwa kijana yeyote unaweza kuacha wazo kwamba kuokoa mazingira ni kazi ya mtu mmoja kujitoa mhanga. Tena filamu inasema ardhi imekufa kabisa, wakati ardhi yetu inayoonekana kufa mara nyingi ina mizizi iliyo hai chini yake. Ndiyo maana nikionyesha "Pumzi" siimalizi siku bila kuwatoa wanafunzi nje kwenye kisiki hai. Mbinu hii, ambayo shirika la LEAD Foundation limeisambaza vijijini Dodoma, haihitaji mche wala ndoo ya maji: unatafuta kisiki kinachochipua, unachagua machipukizi machache yenye afya, unapunguza mengine, unaweka alama, na unakilinda dhidi ya mbuzi. Mizizi ya zamani inajua maji yaliko. Miti ya kupanda kwa sherehe, ambayo tumeizoea tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ilipoanza mwaka 2017, hufa mingi kiangazi kisipopata mtu wa kumwagilia. Kisiki hai kinahimili.

Na kwa wanaotaka ushahidi mkubwa zaidi kuliko kisiki kimoja, uko Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa makorongo mekundu, na picha zake zilitumika kama mfano wa ardhi iliyopotea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Mimea ilirudi. Gharama yake ilikuwa kubwa kwa wafugaji waliopoteza maziwa, samadi na malisho, na wengine walihama. Uamuzi ule haukuwa wao. Hadithi hii ina kila kitu cha filamu: maafa, watu, serikali, ng'ombe, hasara, na kijani mwishoni. Ningefurahi mno kijana wa Kondoa akiichukua kamera akaisimulia, pamoja na uchungu wake.

Kijana wa Malawi

"The Boy Who Harnessed the Wind" ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, ndiyo chaguo langu la kwanza. Inatokana na maisha halisi ya William Kamkwamba wa Wimbe, Malawi, na njaa ya 2001 hadi 2002. Haisemi habari za kesho. Maafa yake yalishatokea, nchi jirani, kwa watu wanaokula ugali na kuongea lugha ya Kibantu. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kichewa, na sikio letu halipotei sana humo.

Nguvu yake iko katika jinsi inavyoionyesha hatari ikija hatua kwa hatua. Kampuni ya tumbaku inataka miti, na wanakijiji wenye shida wanaiuza. Mzee wa kijiji anaonya kwamba bila miti mafuriko yatapita moja kwa moja. Mvua inakuja kubwa, inapita moja kwa moja. Kisha kiangazi kinakaa. Serikali haina akiba, kwa sababu nafaka ya hifadhi iliuzwa. Mtemi anayelisema hilo hadharani mbele ya rais anapigwa. Watu wanapanga foleni ya mahindi mpaka foleni inageuka vurugu. Wezi wanaingia usiku. Ada haijalipwa, William anafukuzwa shule. Kila hatua ina mtu aliyeamua jambo, na mtazamaji anaweza kunyoosha kidole na kusema: hapa pangeweza kuwa vingine. Ni Mtunya ileile, nafaka ikiondoka kabla ya ukame kufika.

Ndiyo maana filamu hii uionyeshe pamoja na wazee. Bibi na babu wa vijijini kwetu wanakumbuka ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, wa miaka ya 1970 na 1980. Wakiiona foleni ya Wimbe wanaanza kusimulia yao bila kuombwa, na vijana wanaowasikiliza huwa hawajawahi kuyasikia. Mwalimu hana maneno ya kushindana na hilo.

Halafu kuna kinu chenyewe, kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. William anaingia maktaba kwa kujificha, anasoma kitabu cha nishati, anaokota vipuri jalalani, anahitaji baiskeli ya baba yake kwa ajili ya dainamo na magurudumu, na baba anakataa, maana baiskeli ndiyo mali pekee iliyobaki. Ugomvi ule wa baba na mwana ndio kiini cha filamu kwangu. Baba si mjinga. Ameshapoteza mavuno, binti ametoroka na mwalimu, na sasa mtoto anataka kukata baiskeli kwa ajili ya jambo lililoandikwa kwenye kitabu. Mkulima yeyote wa Kongwa au Chemba anamwelewa, na mwanafunzi anajifunza kwamba kumshawishi mzazi ni sehemu ya sayansi.

Kuna jambo la kuwasahihisha wanafunzi. Kwenye filamu kinu kinapandisha maji na shamba linakuwa kijani. Kinu cha kwanza cha William katika maisha halisi kiliwasha taa na redio nyumbani. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Waambie, kwa sababu vijana wanaojaribu kutengeneza kitu wanapaswa kujua kwamba hatua ya kwanza huwa ndogo. Na waambie pia kwamba kinu hakikuirudisha miti.

Kwa darasa la saba kushuka chini, filamu hii ina njaa ya kutisha na mbwa anayekufa. Kwao nachagua "Wall-E" ya 2008: roboti mdogo amebaki duniani peke yake akipanga takataka, karibu hakuna maneno kwa muda mrefu mwanzoni, na mche mmoja ndani ya kiatu unabadilisha kila kitu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na watoto wadogo wanaweza kuanzia hapo kuuliza takataka nyingine zinakwenda wapi.

Basi, mwenye jioni moja aonyeshe ya kijana wa Malawi. Mwenye kipindi kimoja cha dakika 40 aonyeshe "Pumzi" na awatoe nje. Wa kidato cha tano na sita wapewe shamba la "Interstellar". Gore apewe mwalimu aliyejiandaa.

Ukiwa unaonyesha kijijini au uwanjani na si darasani, anza mapema kuulizia kibali kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri na haki ya kuonyesha hadharani kwa mwenye filamu. Akaunti ya Netflix ya nyumbani haikupi haki hiyo. Pakia kila kitu kabla, maana bando la kijijini haliaminiki. Filamu ya Malawi ni dakika 113. Ikianza saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya saa mbili na nusu usiku imekwisha, na mna nusu saa nzima ya maswali kabla wanafunzi wa bweni hawajaitwa.